Bundi wa Kitabuni, Temeke

Vijana wanaponiuliza waanze na kitabu gani, huwatajia kile cha wanyama wa msituni kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, ambamo nungunungu anatafuta njia ya kurudi kwao na bundi mzee ndiye mwalimu wa msitu mzima. Nawaambia wakisome. Halafu nawasimulia yaliyotokea Temeke, wajue kwamba kitabu si mchezo.

Nilikuwa nimerudi kutoka Uganda na diploma yangu. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo kabla yangu, na sikuipata kwa kubebwa: baba alikuwa mpasua kuni, nami nilijisomesha kwa kufua nguo za wenzangu bwenini. Nilivaa soksi ndefu nyeupe, na wazee walionipakata zamani sasa waliniita mwalimu. Enzi hizo za Mwingereza mtu kama mimi alisikilizwa. Kitabu nilirudi nacho, nakala moja tu, nikampa msichana aliyesoma vizuri kuliko wote darasani. Wasichana walikuwa wachache, na huyu ndiye niliyemtarajia afike nilikofika mimi. Nilimwambia akakisome nyumbani kwa sauti.

Kwao bibi yake alikuwa mgonjwa, na pwani yetu bundi hatajwi penye mgonjwa. Akilia juu ya paa, hutupwa chumvi motoni aondoke. Mtoto alikaa barazani, chini ya dirisha la bibi, akasoma jinsi bundi alivyobisha mlango na kuita.

Kesho yake baba yake, kuli wa bandarini, alikuja shuleni. Kitabu alikuwa amekifunga kwenye kitambaa asikiguse.

"Shikamoo mzee," nilisema.

Hakuitikia. "Mama hajala tangu jana. Anasema ameitwa. Hayo mliyosomea huko Uganda, mwalimu, ndiyo haya ya kuingiza bundi nyumba za watu?"

"Ni hadithi, mzee. Ni bundi wa karatasi."

"Mama akifa, huyu mtoto hakanyagi hapa tena. Nimemaliza."

Nilikichukua kitabu, nikamfuata mpaka kwake. Chumbani palijaa moshi wa ubani. Bibi alilala ameelekea ukutani, na mjukuu wake amekaa miguuni pake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemtuma?"

"Nani, bibi?"

"Mgeni wa jana. Ameita, mtoto akanyang'anywa kitabu kabla sijasikia mwisho. Nataka kujua kamjia nani."

"Mama, tuyaache hayo," baba alisema.

"Nyamaza. Limtu lizima na ndevu zako, unaogopa karatasi? Nisomee, mjukuu wangu."

Msichana alinitazama, nami nikampa kitabu, nikamwashiria asome. Alifungua kitambaa, akaanza kusoma. Bundi alimwambia nungunungu kwamba amekuja kumfundisha kusoma nyota, apate njia ya kwao.

Bibi aligeuka, akamtazama mjukuu wake. "Kumbe kamjia mtoto," alisema.

Baba aliruka kutaka kukichukua kile kitabu. Bibi akamshika mkono.

"Mwache amfundishe. Mimi nina ugonjwa wangu, sikuupata kitabuni. Ukimtoa shule kwa ajili yangu, radhi yangu huna."

Alikufa Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Msibani watu walisema, nami nikisikia, kwamba nimemuua. Nilikaa nao mkekani, sikuondoka; mtu aliyefika nilikofika hakimbii maneno ya watu. Baba hakunisalimu. Lakini hakuna mwana anayetaka kubaki duniani bila radhi ya mama, na matanga yalipoanuliwa alimleta binti mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa.

Wenzake walisogea, benchi likabaki lake peke yake. Nilimpa kitabu, nikamwambia asome mbele ya wote. Alipolitaja jina la ndege yule, darasa zima liligeuka kutazama dirishani. Yeye hakugeuka, aliendelea kusoma. Baba yake alikuwa bado amesimama uani.