Kiti cha Nne Mezani kwa Bibi

Jumamosi iliyopita, kabla hatujaanza mashindano ya briji, mchezo wa karata wa wawili kwa wawili, katika ukumbi mdogo hapa Arusha mjini, mwamuzi alitukumbusha jambo analolirudia kila mara: usimpe mwenzako ishara ya aina yoyote, hata ya nyusi. Wachezaji waliitikia kwa vichwa. Mimi nilitabasamu, msomaji wangu, kwa sababu karata nilifundishwa na mtu aliyekuwa na ishara kwa kila jambo.

Mtu huyo alikuwa bibi yangu mzaa mama, mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Meru, juu kidogo ya Makumira. Likizo za mwezi wa sita zilikuwa za baridi na ukungu. Asubuhi tulichambua buni kwenye ungo, mchana tulikula loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, katika mabakuli ya bati, na alasiri jirani na mwalimu mstaafu walivuka mfereji wakaja kucheza na Bibi na Babu, wawili kwa wawili. Mzee wa kanisa akionekana njiani, karata zilifunikwa kwa ungo, na Bibi akadakia wimbo wa kwaya kuanzia katikati.

Babu alipofariki, kiti kilichomkabili Bibi kilibaki wazi, nami nikakikalia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Bibi akanifundisha ishara zake: akivuta kilemba, ana turufu kubwa, akikohoa, nisishindane naye, akishika sikio, ana ree, basi nicheze karata ndogo, yeye ataibeba. Tukawa tunashinda. Mwalimu alivumilia siku nne.

"Mama, huyu mtoto hachezi. Unamwendesha kama baiskeli."

"Mwalimu, nikikohoa kwa baridi hii niombe ruhusa?"

"Kohoa. Lakini Jumamosi tunacheza bila ishara. Mkishindwa, namleta mke wangu akae hapo, mtoto arudi kwenye buni."

"Mke wako hajui hata turufu ni nini," jirani alisema.

"Ndiyo maana nataka akae na Mama."

Walicheka wote isipokuwa mimi. Nilikitaka kile kiti kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Wiki nzima, kila nilipomaliza ungo wangu wa buni, nilifunua karata kumi, nikazigeuza, kisha nikazitaja kwa mpangilio. Nikikosea moja, nilianza upya. Kufikia Ijumaa niliweza kutaja ishirini huku nikichochea moto.

Jumamosi hakuna aliyekohoa. Tulifika mahali ambapo kila mtu alibakiwa na karata mbili, turufu zimekwisha, nasi tulihitaji raundi moja tu ili tushinde. Zamu ya kuanza ilikuwa yangu. Mkononi nilikuwa na ree ya shupaza na uru ndogo. Nilipoinua macho, Bibi alikuwa ameshika sikio.

Kwa mazoea, mkono wangu ulikwisha kuigusa ile uru ndogo. Kisha nikahesabu. Ree tatu zilikuwa zimeanguka, nilikumbuka kila moja na aliyeitupa, na ya nne nilikuwa nayo mimi. Bibi hakuwa na ree. Nikaiweka yangu mezani. Raundi ikawa yetu.

"Mama, umeshika sikio," Mwalimu alisema.

"Sikio ni langu."

Mwalimu aliifunua karata iliyobaki mkononi mwa Bibi, akaitazama, akanitazama mimi. "Na mtoto hakukufuata," alisema polepole. Akakusanya karata zote, akazichanganya, akanigawia mimi kwanza.

Jioni, tukiosha vyombo, nilimuuliza Bibi kwa nini alinidanganya. "Nilitaka kujua anayecheza ni nani," alijibu, "wewe au mimi." Nikamuuliza ingekuwaje kama ningemfuata. "Ungechambua buni," alisema, akanipa sufuria nisugue.

Nilikaa kwenye kiti kile kila likizo, hadi vidole vya Bibi viliposhindwa kushika karata. Wote watatu wametangulia mbele ya haki. Mibuni imeng'olewa, viwanja vimegawanywa, na majirani wa sasa wana mageti. Hakuna anayevuka mfereji alasiri kwenda kukamilisha wachezaji wanne. Leo nikiingia ukumbi wowote wa michezo napewa nafasi bila kuulizwa kama naijua turufu au siijui. Naishukuru heshima hiyo. Lakini wale waliotishia kuninyima kiti kwanza, wakakaa kungoja waone nitafanya nini, sijawapata tena.