Soya Iliyovundikwa Kama Kahawa

Baba mkwe wangu alirudi kutoka hospitali na masharti matatu: chumvi kidogo, mafuta kidogo, na nyama ya nguruwe basi. Hilo la tatu lilimkata maini. Tangu siku ile akawa anamega matonge mawili ya ugali, ananawa, anasema ameshiba. Dawa za presha anazimeza tumbo likiwa tupu. Mzee aliyepandisha magunia ya kahawa milima yote ya Mbuji alikuwa anabaki mifupa, na mpishi ni mimi. Mume wangu yuko kazini Songea. Niliogopa, nasema kweli.

Nikanunua soya.

"Mama," akaniambia kwa upole wa kuudhi, "hicho ni chakula cha watoto wa kliniki."

Wengi huku tunaijua kwenye uji wa lishe tu. Lakini mimi ni mtu wa ziwani, nimekulia samaki na ubishi. Nikaloweka kilo nzima kwenye ndoo. Kabla sijaipika, simu ikaita: msiba Mbamba Bay. Nikaondoka mbio bila kusema lolote kuhusu ndoo ile.

Niliporudi siku ya tatu, nilimkuta mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Soya yako nimeishughulikia."

Alikuwa amemwaga maji, akaifunika kwa gunia, akaiweka palipo na joto, kama anavyofanya kahawa ikishamenywa. Kwake yeye, punje yenye utelezi huvundikwa siku mbili, ndipo ioshwe. Nilipofunua gunia, harufu ilinirudisha nyuma. Hasira zikanipanda, ila baba mkwe hapigiwi kelele, kwa hiyo nikaipigia kelele ndoo. Nikaitukana ndoo ile ukoo mzima. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikashindwa kununa.

Tukaimwaga shimoni.

"Loweka nyingine," akasema. "Safari hii niambie muda wake."

Usiku mmoja tu, nikamwambia. Asubuhi alikaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, akizisugua punje kwa viganja na kuyamwaga maganda yaliyoelea. Mbovu alizitoa bila huruma, hata nyingine nilizoziona nzima. Nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza kupunguza ile harufu ya ubichi, nikaendelea kuchemsha mpaka zikalainika. Nikaunga kwa kitunguu, nyanya, karanga za kutwanga na majani ya maboga, halafu nikakamulia limau ili chumvi isihitajike sana.

Akaanza kula. Nikajifanya nashughulika na kuni, kumbe nasali.

"Maganda yametoka vizuri," akasema, akijisifu mwenyewe. Nikaitikia bila kugeuka, nikisubiri kusikia maji ya kunawa yakimwagika.

Badala yake sahani ilisukumwa hadi karibu na goti langu.

"Ongeza."

Nikaongeza haraka haraka hadi mchuzi ukamwagika kwenye mkeka, na hakuna aliyejali.