Tohara Niliyomficha Mkwe

Mwanangu, iko siku moja nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka mke wangu ananiuliza kama nimeanza kuota mchana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nimesimama katikati ya shamba la ufuta la baba mkwe mtarajiwa pale Kikole, nimeushika msuli kwa mbele kwa vidole viwili, damu inanichuruzika pajani, na uso nimeukaza kana kwamba sina habari. Ujana una mambo! Ngoja nikueleze nilifikaje hapo, maana wewe ni mtoto wa jirani yangu, na nasikia wiki ijayo nawe unakwenda zahanati kutahiriwa, na umeifanya siri.

Mimi nililelewa huku na huku. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikawa mara niko Pande kwa ndugu wa baba, mara niko Kiranjeranje kwa ndugu wa mama. Rika langu lilipoingia jandoni, watu wa Pande wakadhani nimeshatahiriwa Kiranjeranje. Wa Kiranjeranje nao wakaamini shughuli imekwisha Pande. Kila upande ukaniona nimekamilika, nami nikanyamaza. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa kisu, usinicheke, baadaye kwa aibu. Nikawa mtu wa kuoga peke yangu, na wenzangu wakiimba nyimbo za jando mimi nachezesha midomo tu.

Basi nikamchumbia Somoe, binti wa Mzee Mtulia wa Kikole, wazazi wakakubali, siku ya ndoa ikapangwa. Usingizi ukanipaa. Mwislamu mzima anaoa hajatahiriwa, huyo bibi harusi atamweleza nini?

Kilichonipa moyo ni mtu nisiyemjua hata jina. Nilimpeleka binamu yangu hospitali kufungwa mkono, nikamwona baba mtu mzima, ndevu zina mvi, anatoka chumba cha upasuaji taratibu huku anatabasamu. Nikamwamkia, nikampa pole, nikamuuliza anaumwa nini. "Siumwi," akasema, tena kwa sauti. "Nimetahiriwa, kijana. Nimechelewa, lakini nimefika." Nikasema, loo, kama huyu na mvi zake ameweza, mimi nina nini?

Alhamisi iliyofuata nikaenda. Kwa kweli, mwanangu, nilichokisikia ni sindano ya ganzi tu, kama kuumwa na siafu, kisha basi. Kilichobaki ni kulala chali na kutazama dari. Tabibu akaniambia nirudi baada ya siku mbili bendeji itolewe, na tena baada ya wiki kidonda kikaguliwe. Nisibebe mzigo, nisipande baiskeli, nisifanye kazi ya nguvu mpaka aniruhusu. Na kwa wiki sita nisikutane na mwanamke, hata kama naona kidonda kimefunga. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi anayetaka kengele igongwe.

Nyumbani nikamwambia bibi yangu nimeng'olewa jino. Maskini bibi, akanipikia uji mwepesi siku tatu, siku ya nne akataka nifungue kinywa aone pengo! Nikamwambia bado linauma. Uongo hauna miguu, lakini una njaa, kila siku unataka kulishwa mwingine.

Siku ya tano, Jumanne, ukaja ujumbe kutoka kwa Mzee Mtulia: ufuta umekauka, mkwe aje asaidie. Hapo nikakwama. Desturi yetu mchumba huonekana shambani kwa wakwe, wamwone mkono wake ulivyo. Asiyefika huitwa mvivu, na kulikuwa na kijana mwingine wa Pande ambaye alikuwa akimtaka Somoe tangu zamani, tena ana nguvu za kulima ekari peke yake. Niseme naumwa nini? Jino halimzuii mtu kuvuna ufuta. Nikawaza, nisipokwenda nitamkosa Somoe. Nikajiangalia, nikaona kidonda kinaendelea vizuri. Nikajifunga msuli nikaenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona leo na msuli shambani?"

"Suruali imelowa, baba."

Akanitazama juu mpaka chini, akanionyesha pa kuanzia. Tukaanza kazi. Kukata na kufunga vitita nilijitahidi. Nikainama, nikainuka, jasho linanitoka, naumia lakini nacheka na watu. Ikafika kupiga ule ufuta uliotangulia kukatwa, juu ya turubai, na kuinua magunia. Gunia la kwanza likapita. La pili nilipolitia begani, nikasikia kitu kimekatika chini kule, kikafuatiwa na maumivu yaliyoniziba masikio. Nikasimama pale pale, kama nilivyoanza kukusimulia.

Mzee Mtulia akaja, akanipokea lile gunia, akalitua chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliposema hakupandisha sauti, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Umekatwa lini?"

Nikababaika. "Nimekatwa... na nini, baba?"

"Wewe kijana! Wanaume wote waliopo kwenye shamba hili wamewahi kutembea hivyo na kushika nguo hivyo. Tangu asubuhi wanakutazama. Unamficha nani?"

Nikageuka, nikaona wajomba wa Somoe wote wameinamia ufuta kama watu wasiosikia. Nilitamani ardhi inimeze. Machozi yakanitoka, nikamweleza yote, tangu Pande na Kiranjeranje mpaka jino la bibi. Nikamalizia kwa kusema kwamba kama ameghairi kunioza namwelewa.

"Kutahiriwa umetahiriwa, hilo limekwisha," akasema. "Linaloniudhi ni hili lingine. Ungeniambia naumwa, ningekwambia lala. Ufuta ungevunwa na wanangu. Sasa nimpe binti yangu mtu asiyeweza kusema naumwa? Kesho ukiwa na maradhi ya kuambukiza, utamficha na yeye mpaka umzike? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Lakini aliniita mwanangu, na nikalishikilia neno hilo.

Nikapelekwa hospitali kwa gari lililokuwa likipeleka ufuta mnadani. Tabibu akanishona upya, akanisema nikasikia. Kisha Mzee Mtulia akanipeleka kwa mdogo wake, jirani yake, kwa kuwa si adabu kulala nyumbani kwa mama mkwe. Na hapa ndipo aliponishinda. Kila asubuhi alikuja yeye mwenyewe, ndoo ya maji ya kuoga mkononi, na bakuli la kunde. Mkwe kumletea maji mchumba wa bintiye! Nilipokataa akaniambia, "Jandoni ungekuwa na mlezi. Wewe hukupata, basi mlezi wako ni mimi. Lala." Nikalala. Kidonda kikakauka vizuri kabisa, alhamdulillahi.

Ndoa akaisogeza mbele kwa wiki saba, akiwaambia watu ni yeye hajawa tayari. Ubaya wote akaubeba yeye. Somoe aliniletea kanga yake laini nijifunge, akaiacha mlangoni kimya. Tulipooana ndipo akasema, "Ungeniambia mimi mapema, ningemwambia baba unaharisha, yangekwisha." Mwanamke huyo!

Sasa sikiliza. Kwenda zahanati umefanya vema, na siku hizi wataalamu wanafuata watu mpaka vijijini, hakuna sababu ya kuchelewa kama mimi. Waulize maswali yote, hata unayoyaonea haya. Wakikupa siku za kurudi, rudi. Ukiona damu haikomi, uvimbe unaongezeka, usaha au homa, usingoje kesho. Usisahau pia kwamba tohara inapunguza hatari ya kuambukizwa Ukimwi, haiiondoi, kwa hiyo kondomu na uaminifu bado ni vyako. Na zile wiki sita ni sita, usije ukazifanyia hesabu zako.

Lakini kubwa kuliko yote, kabla hujakatwa mtafute mtu mmoja umwambie. Mimi sikuumizwa na kisu, niliumizwa na siri. Kidonda kilihitaji nilale, na mwenye siri hawezi kulala, maana kila anayemwita lazima aitike. Na uliyemchumbia mwambie pia. Kama atakuacha kwa hilo, heri akuache ungali mzima. Mimi nilidhani nikijulikana nitamkosa Somoe, kumbe nilipewa siku ile nilipojulikana.

Mungu akupe mkono mwepesi wa tabibu, akupe usingizi wa kutosha na mtu wa kukuletea maji. Akukaushie kidonda, akuzidishie siha, na nyumba utakayoijenga iwe nyumba ambayo mtu akisema naumwa, anaambiwa lala. Amina, mwanangu.