Mshika Bunduki wa Mlangoni

Fundi wa kutengeneza cherehani anayepanga nusu ya kibaraza cha mama mpiga pasi hadondoshi kitu. Kila skrubu anayoifungua, kiganja cha kushoto kimeshaikinga. Tabia hiyo ametoka nayo jeshini, alikokuwa akipiga bombomu, bunduki ya rashasha iliyofungwa mlangoni mwa helikopta ndogo. Ganda moja la risasi likiruka nyuma likagonga panga linalozunguka mkiani, nyote mnakwenda chini. Mama humtazama sana ile mikono, ingawa wanaume hana hamu nao. Mumewe alimfukuza kwa maneno ya kutunga, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ijumaa walikuja askari wenzake fundi wa zamani, marafiki pekee alionao, wakajaza benchi na kuanza utani wao. "Mzee Kukwama! Siku ile kule mtoni bombomu lilikwama mikononi mwa fundi mzima!" Wakacheka wakishika mbavu. Fundi aliweka chini kopo la mafuta.

"Halikukwama," alisema. "Niliona wanawake wana ndoo kichwani. Nikaondoa kidole, nikawadanganya nyie."

Kicheko kikafa. Aliyekuwa rubani wao akauliza, "Miaka yote hii?"

"Miaka yote, kaka. Nimechoka na uongo huo."

Waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Mama hakuwahi kumwona mwanamume akiufichua uongo wake mwenyewe bila kushikwa. Aliinua pasi asiunguze shati la watu, akamimina chai vikombe viwili, akaenda kukaa kwenye benchi, kando ya fundi.