Meneja wa Nyumba ya Gavana

Mtaani walimwita Meneja, na jina alijipa mwenyewe. Alipoajiriwa kufagia nyumba ya gavana wa kikoloni, iliyogeuzwa makumbusho, alimwambia mkewe, "Nimekabidhiwa ile nyumba." Hakusema uongo. Alikabidhiwa kweli, pamoja na ufagio.

Kisha akapandishwa cheo. Wakubwa walitaka wageni wamwone gavana akinywa chai, mtumishi wake pembeni. Wakanunua sanamu la plastiki la mzungu, na fungu likaishia hapo.

"Mzee, wewe una umbo," mkuu wa makumbusho akamwambia. "Simama hapo kwa muda tu."

Basi Meneja akapakwa rangi ya kung'aa usoni, akavikwa kanzu nyeupe na kofia nyekundu, akashika sinia la chai kando ya kiti cha gavana, hapepesi macho. Muda wenyewe ukawa miaka. Sanamu halikuwahi kusema asante.

Nyumbani alijilipa fidia. Akishaketi, makofi mawili, na chai iwe imefika. Vikombe vinakaa wapi hakujua wala hakuuliza. "Nimechoka kusimamia watu," alilalama, na mkewe, maskini, alimwonea huruma ya kweli.

Siku moja kikundi cha akina mama wa mtaani kikaenda kutembelea makumbusho. Mkewe hakumwambia, alitaka kumshtukiza ofisini kwake. Meneja akamwona anaingia sebuleni kwa gavana na gauni lake jipya, akiitafuta hiyo ofisi kwa macho. Akikimbia, kazi hana. Akibaki, heshima hana. Akabaki, vikombe vikigongana kwenye sinia.

"Jamani, hili sanamu linatoka jasho!" mama mmoja akasema.

Mkewe akasogea, akamtazama usoni, kitambo. Meneja akangoja kuumbuliwa.

"Ni joto tu," mkewe akasema. "Twendeni zetu."

Afadhali angemcheka. Meneja akabaki na sinia lake mpaka saa ya kufunga.

Jioni aliingia kwake akinyata. Kwenye kiti chake alikuta mtu: mkewe, amekaa wima, mikono magotini, macho mbele.

"Mama watoto?"

Mkewe akapiga makofi mawili.

Meneja akaenda jikoni. Alifungua kabati zote akitafuta vikombe, akaunguza kidole, lakini sinia alilibeba vizuri, kazi yake hiyo. Akasimama kando ya kiti.

Mkewe akainywa chai yote, akamrudishia kikombe. Hakusema asante.