Maloti Mapya Mjini Durban

'Malebusa Phafoli hakupenda noti zilizokunjamana. Akipewa fedha kuukuu aliilaza juu ya paja, akaipigapiga kwa kiganja mpaka ikanyooka, ndipo akaitia kwenye pochi. Basi wanawake ishirini na sita wa kanisani kwake pale Mafeteng, yeye akiwemo, walipochanga na kumkabidhi fedha za kitambaa cha sare zao za Pasaka, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda benki. Rundo lilikuwa na maloti ya kwao na randi za Afrika Kusini, kama ilivyo kwa kila pochi ya Lesotho, maana loti moja ni randi moja na mwenye duka hurudisha chenji kwa kile kinachomjia mkononi. 'Malebusa akamwomba karani ambadilishie zote, ampe noti safi za namna moja. Karani akamhesabia maloti mapya elfu kumi na nane na mia nne. Akatoka pale ameridhika, fedha kazifunga kiunoni ndani ya mkanda wa kitambaa alioushona mwenyewe.

Hakuna aliyemwonya, na yeye hakuona la kuuliza. Mara ngapi amevuka mpaka kwenda Wepener kununua nyuzi na zipu, akalipa kwa maloti, wakapokea bila kuangalia mara mbili? Lakini Wepener ni ng'ambo ya uzio tu. Durban iko baharini, mwendo wa usiku kucha kwa basi.

Alikwenda Durban kwa sababu ya bei. Kiwanda alichoshonea suruali za jinzi kwa miaka kumi na mmoja kilikuwa kimefungwa, na tangu hapo aliishi kwa cherehani yake. Maseru kitambaa chekundu cha sare kiliuzwa ghali mno, asingebaki na faida hata ya kununulia unga. Mwenye duka la jumla huko Durban, Bwana Perumal, alimwambia kwenye simu kwamba mzigo wote aliouhitaji, kitambaa chekundu, cheusi, cheupe cha kola na bitana, ungemgharimu randi elfu kumi na sita na mia tisa. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Machi alipofika, na Pasaka ilikuwa imebaki wiki tatu.

Dukani, msichana wa kaunta alilipokea bunda la kwanza, akaanza kuhesabu, akasita. Akaigeuza noti upande wa pili.

"Mama, hizi ni nini?"

"Ni pesa," 'Malebusa akasema kwa Kizulu chake cha kuokoteza.

Msichana akamwita mwenye duka. Bwana Perumal alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Hakuhitaji hata kuivaa. Alimweleza taratibu kwamba anazijua fedha hizi, aliwahi kuzipokea mara moja kumwonea huruma mteja, zikakaa kwenye droo yake miaka miwili kwa kukosa pa kuzipeleka. Mzigo wake angemwekea mpaka kesho Jumamosi saa saba mchana, anapofunga. Zaidi ya hapo asingeweza.

'Malebusa akaenda benki. Akaambiwa kwamba asiye na akaunti pale hawawezi kumsaidia. Akaenda duka la kubadilishia fedha; ubao wao ulikuwa na fedha za nchi ambazo hajawahi kuzisikia, lakini maloti hayakuwemo. Nje ya duka lile akafuatwa na mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya manyoya ilhali jua linachoma.

"Mama wa milimani," akamwambia, "nitakupa senti sabini kwa kila moja. Nakusaidia tu. Umekuja baharini na pesa za milimani, unadhani nani atazitaka?"

'Malebusa alisimama akapiga hesabu kichwani. Angepoteza elfu tano na mia tano na ishirini. Hizo ni sare za wanawake saba, karibu nane, na wanane hao aliwajua kwa majina. Mmoja alikuwa ameuza kondoo. Mwanamume yule alitembea naye hatua kadhaa, akapandisha hadi sabini na tano. 'Malebusa akamwambia kwamba kwao loti ni randi, na yeye hana ruhusa ya kuigeuza kuwa kitu kingine. Yule bwana akacheka, akamwambia akirudi jioni atamkuta kwa senti sitini.

Alitaka kunywa chai, akakumbuka kwamba hata chai hawezi kuinunua. Akaketi kwenye ngazi za jengo moja, akamega mkate aliooka nyumbani, akautafuna mkavu. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Alijilaumu kwa ile safari ya benki. Katika lile rundo la mwanzo, kuukuu na chafu, randi hazikupungua elfu tisa, na alizitoa kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza mkate akakung'uta makombo. Akajiuliza swali moja tu: katika mji huu, nani ana kazi na maloti? Jibu halikuwa gumu. Ni mtu anayekwenda nyumbani.

Akauliza njia mpaka akafika pale yanapopakia magari ya Lesotho. Palikuwa na gari moja la kwenda Mafeteng, likingoja abiria wa kesho alasiri, na dereva wake, mtu mnene aitwaye Ntate Sekhobe, yaani Baba Sekhobe, alikuwa ameketi kwenye kreti akila pap, ugali wa huko, na maini. 'Malebusa akamsalimu kwa heshima, akamweleza shida yake, akamwomba ambadilishie.

"'M'e, mama yangu, mimi si benki," akasema Ntate Sekhobe. "Tena randi zangu nikifika nyumbani zinanunua vilevile. Nibebe mzigo wako wa nini?"

Ilikuwa kweli. Lakini 'Malebusa hakuondoka. Alikaa juu ya begi lake, akatazama. Ilikuwa mwisho wa mwezi, watu wametoka kulipwa. Kila baada ya muda alikuja Mosotho mmoja, mtu wa kwao Lesotho, mlinzi, fundi wa ujenzi, msusi, akampa dereva bahasha yenye jina la mtu wa nyumbani, akamlipa nauli ya bahasha, akaenda zake. Baada ya bahasha ya nne 'Malebusa akainuka.

"Ntate, hizo bahasha zina randi?"

"Wewe zinakuhusu nini?"

"Mke wa yule mlinzi akipokea maloti badala ya randi, atanunua unga pungufu?"

Dereva akaacha kutafuna. Akasema kwamba bahasha ya mtu haifunguliwi, yeye ameiendesha kazi hiyo miaka kumi na minne bila senti kupotea na hataki kuanza leo. 'Malebusa akamjibu kwamba hamwombi kuifungua. Anaomba ruhusa ya kuzungumza na wenyewe kabla hawajaifunga, yeye dereva akisikia kila neno. Kila noti ataikagua dereva mwenyewe. Maloti yataingia bahasha mbele ya macho ya mwenyewe, na yatakaa na dereva, si na yeye. Ndiyo kusema hata akiwa mwizi, hataondoka na kitu cha mtu.

Ntate Sekhobe akaipandisha noti moja juu kwenye mwanga, akaikwaruza kwa ukucha, akaipapasa. Akasema, "Anayekataa, humsumbui. Neno moja tu, basi."

Wa kwanza alikataa. Alikuwa mchimba mitaro, mtu mzima, akasema mke wake akipokea maloti atadhani mumewe yuko Lesotho amejificha kwa mwanamke mwingine, na kesi hiyo hatakuwa na mtu wa kumsaidia kuijibu. Watu wakacheka. 'Malebusa naye akacheka kidogo, akamtakia safari njema ya kazini. Wa pili alikuwa msichana wa kiwanda cha viatu; akamtazama dereva, dereva akatikisa kichwa kukubali, akabadilisha mia nane. Wa tatu akabadilisha elfu moja na mia mbili. Yupo aliyetaka apewe kitu juu, hamsini kwa kila elfu, kwa kuwa anamfanyia hisani. 'Malebusa akamwambia kwamba fedha si zake, ni za akina mama wa kanisa, na kama zingekuwa zake angempa. Mtu yule akafikiri, akasema mama yake naye ni mwanamke wa kanisa, akabadilisha bila nyongeza.

Jioni alikuwa na randi elfu sita na mia tano. Msusi mmoja aliyebadilisha naye akamchukua akalale kwake, chumba kimoja na wenzake watatu, na alfajiri 'Malebusa akawa amerudi palepale kabla ya dereva mwenyewe. Alishinda amesimama. Maneno yake yalizidi kuwa machache kadiri alivyoyarudia, mpaka yakabaki: "Unatuma nyumbani? Nipe randi, weka maloti, Ntate huyu ni shahidi." Saa nne dereva alikuwa amechoka kumsikia, akawa anayasema yeye mwenyewe kwa wateja, tena kwa sauti kubwa kuliko yake.

Saa sita na nusu akahesabu: elfu kumi na tano na mia sita. Zilipungua elfu moja na mia tatu. Mbele yake hapakuwa na mtu mwingine mwenye bahasha. Akamwambia Ntate Sekhobe asiondoke bila yeye, akajifunga mkanda, akakimbia. Alikuwa na miaka arobaini na sita na magoti yaliyozoea kukaa kwenye cherehani, na Durban ina vilima kuliko alivyodhani. Alifika msichana wa kaunta akiwa ameshavuta lango la chuma hadi nusu. 'Malebusa akainama akapita chini yake.

Bwana Perumal alihesabu zile randi, akamtazama kwa swali machoni. 'Malebusa, akihema, akamwambia aondoe bitana yote, na katika kitambaa chekundu na cheusi aondoe kipimo cha mtu mmoja.

"Cha nani?" mzee akauliza.

"Changu."

Mzee akachukua mkasi. Alikata kama alivyoagizwa, wala hakumpunguzia bei. Lakini alimwita mpagazi wake, akamwamuru amsindikize mama na majora yale mpaka kwenye gari, na ujira wa mpagazi akaulipa yeye.

Nauli ya kurudi, ya mtu na mzigo, Ntate Sekhobe aliipokea kwa maloti. Alisema hizo hazina ubishi.

Siku ya Pasaka wanawake ishirini na watano walisimama mbele ya kanisa kwa blauzi nyekundu mpya, na 'Malebusa kati yao kwa ile ya zamani iliyopauka mabegani. Sketi hazikuwa na bitana. Wawili walinung'unika kwamba zinang'ang'ania miguu. Aliwarudishia maloti yao ya bitana, akawaambia wanaotaka waje wapimwe upya baada ya sikukuu.

Sasa huenda Durban mara nne kwa mwaka. Benki ya Mafeteng wanamjua: akifika dirishani huomba randi, na wakimwambia zimekwisha hukaa kwenye benchi kungoja mwenye duka kubwa alete mauzo yake. Wiki mbili kabla ya safari hakubali chenji ya maloti popote. Muuza nyama hulalamika, muuza mafuta ya taa humwambia kwamba anawachezea, kwani pesa si ni ileile? Yeye huwajibu kwamba ni ileile mpaka Wepener. Halafu husimama pale kaunta, kapu mkononi, watu wakijipanga nyuma yake, mpaka droo ifunguliwe mara ya pili.