Maua Niliyoyaita Matupu

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hunirudia kila maboga yanapochanua. Nilikuwa nimemaliza shule, nikiishi Mlalo na bibi mzaa baba. Bibi alikuwa na mbegu za boga alizorithi kwa mama yake. Mwaka ule panya waliingia kwenye kibuyu cha mbegu, zikabaki tano tu. Tukazipanda zote. Zisipozaa, mbegu ile ingeishia mikononi mwetu.

Mimi nilijiona msomi. Nilichunguza maua, nikaona machache yana kitunda chini yake, na mengi yamekaa juu ya kikonyo kitupu. Nikaamua kwamba hayo matupu yanamaliza chakula cha mmea bure. Kila asubuhi niliyakata, hata yale ambayo hayajafunguka, nikampa Bibi akayapika pamoja na majani. Alidhani nimechuma machache tu. Tulikula tukasifu.

Baada ya siku kadhaa vitunda vikageuka manjano na kudondoka. Bibi akaja shambani, akachuchumaa, akafunua majani.

"Nani amekata maua hapa?"

"Mimi, Bibi. Hayana mtoto."

"Na baba yako alikubeba tumboni? Ehee, mgosi, bwana wa vitabu! Umeua waume wote, sasa unawadai wajane watoto."

Sikucheka. Lilikuwa limebaki ua jike moja, nalo lilifunguka asubuhi ile ile. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kujifunga. Lisipopata unga wa ua dume, ule tunaouita chavua, kitunda chake hufa. Ukungu ulikuwa unaondoka bondeni, na jua lilikwisha kutufikia mgongoni.

"Tafuta," Bibi alisema. "Usisimame."

Nilifunua jani baada ya jani, mikono ikiwasha. Hakuna. Husemwa ajizi ni nyumba ya njaa, lakini siku ile ajizi yangu ndiyo iliyotuokoa: tawi moja lilikuwa limetambaa hadi migombani, mahali nilipoona uvivu kufika. Lilikuwa na ua dume moja, ukingo wake umeanza kulegea.

Bibi alilivua petali, akanipa. "Wewe uliyekata, wewe ugusishe."

Nikalizungusha taratibu ndani ya ua jike, kazi ambayo nyuki huifanya bila kusifiwa. Kisha tukangoja. Siku nne sikuthubutu kumtazama Bibi machoni. Siku ya tano kitunda kilikuwa bado kijani, kimenenepa.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Kabla hujakiita kitu bure, muulize aliyekaa nacho miaka mingi, kisha ukitazame tena mwenyewe. Kisichozaa machoni pako huenda ndicho kinachowezesha kingine kuzaa.

Mbegu nilizokufungia kwenye kitambaa zinatokana na boga lile. Mola aibariki mikono yako, aitulize kabla ya kukata, na asikose kukuachia ua moja migombani.